Kozi ya fikra tunduizi na maadili hapa Tanga, nimelipa elfu 60 na haya ndo maoni yangu

Habari zenu ndugu zangu. Kuna watu kama wanne wameniuliza inbox kuhusu ile kozi ya Jumamosi niliyokua naenda, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja bora niandike hapa mara moja, itakua ndefu mnivumilie. Jina la kituo siliweki kwasababu humu kuna sifa na kuna lawama, na lawama za mtu mmoja zisije zikamharibia mwenzangu riziki. Anayetaka kujua ni wapi aniulize pembeni.

Mimi nauza duka la dawa muhimu Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, mwaka wa 6 huu niko kaunta. Nilienda kwenye kozi kwasababu kuna maamuzi nayafanya kila siku mchana kweupe na jioni nikifunga duka yananirudia kichwani. Sikwenda kutafuta cheti, ingawa cheti wanatoa.

Kozi ni Jumamosi nne, saa 3 asubuhi mpaka saa 7, elfu 60 yote na chai ndani yake. Ukumbi upo ghorofani, feni mbili na inayofanya kazi ni moja, na mimi nilisoma mwezi wa pili, joto la Tanga la mwezi wa pili mnalijua. Chai inakuja imepoa, mihogo mizuri. Choo hakina maji ya uhakika, hilo walirekebishe haraka. Tulikua watu 19, manesi wawili, karani wa bandarini, kijana wa bajaji, ustadhi wa madrasa, walimu kadhaa, na mama mmoja muuza samaki, mtu mzima, ambaye kwa maoni yangu yeye peke yake alikua na thamani ya nusu ya ada niliyolipa, nitamfikia.

Jumamosi ya kwanza kwa kweli nusura nisirudi. Walianza na kijana msaidizi anasoma slaidi za kiingereza ukutani neno kwa neno, maana ya fikra tunduizi kwa mujibu wa fulani, kwa mujibu wa fulani, watu wananakili tu. Mama wa samaki akanyoosha mkono akasema mwanangu mimi hiki kiingereza sikielewi na nimelipa sawa na wenzangu. Hapo ndo mwalimu mwenyewe, mzee mstaafu, akasimama akaizima projekta, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa kozi tukasoma kwa kiswahili. Namshukuru yule mama na namshukuru mzee kwa kusikia.

Mzee akaanza na neno lenyewe. Akasema watu wengi wakisikia fikra tunduizi wanadhani ni kukosoa, ni ule ubishi wa kijiweni, kumbe tunduizi imetoka kwenye kutunduia, kukiangalia kitu kwa makini kama mtu anayevizia, na hilo neno la wazungu nalo asili yake ni kigiriki, lina maana ya kupambanua, kutenga hiki na kile kama hakimu. Kupambanua, hilo neno nimebaki nalo. Alafu akatupa maana mbili tu kati ya zile zote za kwenye slaidi. Moja ya Mmarekani Robert Ennis, kwamba ni kufikiri kwa hoja na kwa kutafakari ili uamue uamini nini au ufanye nini. Nyingine ni ya wataalamu 46 waliokusanywa na Peter Facione, ripoti yao ikatoka 1990, wao wakataja stadi sita, kufasiri, kuchambua, kutathmini, kufikia hitimisho, kueleza, na ya sita ni kujichunguza na kujisahihisha mwenyewe. Mzee akasema hizo tano za mwanzo hata wakili wa uongo anazo, ya sita ndo ngumu. Nikaiandika kwa kalamu nyekundu, na Jumamosi ya tatu tukaiona kwa macho.

Mimi kwenye ile ya Ennis nimeshika neno moja tu, "au ufanye". Maana siku zote nilidhani kufikiri ni shughuli ya kichwani inaishia kichwani, na maadili ni shughuli ya moyoni, mtu mwema anajua tu. Kumbe kuna mtu ana moyo mzuri kabisa na anadhuru watu kila siku kwasababu anachokiamini hakijawahi kuulizwa swali. Mtu huyo kwa miaka kadhaa nilikua mimi, na nitawaeleza vipi.

Siku hiyohiyo mzee akacheza na sisi mchezo wa namba. Akaandika ubaoni 2, 4, 6, akasema nina kanuni kichwani na namba hizi zinaifuata, nyie nipeni namba tatu tatu nitawaambia zinafuata au hazifuati, mkiwa na uhakika mnitajie kanuni. Tukaanza, 8, 10, 12, zinafuata. 20, 22, 24, zinafuata. Karani wa bandarini akatoa 100, 102, 104, zinafuata, wote tukapiga kelele kanuni ni kuongeza mbili. Mzee akasema hapana. Tukashangaa kabisa. Kanuni ilikua namba yoyote inayopanda, basi, hata 1, 7, 500 ingekubali. Kwanini hatukuiona? Kwasababu kila mmoja alikua anatoa namba za kuthibitisha anachokiamini tayari, hakuna hata mmoja aliyejaribu namba ambayo ingemkatalia. Akasema mchezo huo aliubuni mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, 1960, na watu wengi wa huko nao walikosea vilevile.

Nikakaa kimya muda mrefu hapo. Maana nilikua namuona mteja wangu. Mama anakuja, mtoto ana mafua na kikohozi, ananiambia dada nipe rangi mbili (zile kapsuli za amoksilini) za elfu moja, mara ya mwisho nilimpa hizohizo akapona. Na mimi nampa, kwasababu kweli nakumbuka mara ya mwisho alipona, na yule mwingine alipona, na yule wa barabara ya jirani naye alipona. 8, 10, 12. Mafua ni kirusi, yanapona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili umpe mtoto amoksilini au usimpe, antibayotiki haigusi kirusi. Sikuwahi kumhesabu hata mtoto mmoja aliyepona bila rangi mbili, kwasababu huyo harudi dukani kuniambia.

Jumamosi ya pili niiseme kwa ufupi maana ilikua dhaifu. Saa mbili nzima zimeishia kwenye lile fumbo la treni, treni inakuja itaua watano, ukivuta nondo inahamia reli nyingine inaua mmoja, utafanyaje. Watu wakabishana mpaka sauti zikakauka, kijana wa bajaji anauliza breki ziko wapi. Sidharau fumbo lenyewe, nilikuja kusoma baadae kwamba aliyelianzisha ni mwanafalsafa wa kike wa Uingereza Philippa Foot, 1967, na alitaka kupima kitu cha maana sana, kwamba wajibu wa kutomdhuru mtu na wajibu wa kumsaidia mtu havina uzito sawa. Hilo la uzito ndo lingetusaidia, hasa sisi wa dawa na manesi, lakini darasani halikufikiwa, tukaishia kwenye treni. Pia wakapitia haraka haraka zile kanuni nne za maadili ya tiba za Beauchamp na Childress za 1979, kuheshimu uamuzi wa mtu, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki, dakika 20 tu. Kwa kozi inayojiita ya maadili ya kazi hizo nne zilistahili Jumamosi nzima. Nyota nimepunguza hapo.

Sasa Jumamosi ya tatu.

Mzee alikuja na sinia la bati limefunikwa gazeti, kapita soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Kafunua, changu wawili, wakubwa sawa, ukiwaangalia huwezi kuwatofautisha. Akasema njooni karibu, sheria ni moja, semeni mnachokiona, msiseme mnachokijua. Tukabonyeza. Wa kwanza nyama inarudi juu, wa pili kidole kinaacha shimo. Akampa mama wa samaki kisu, mama akapasua kwa mkono wa mtu aliyepasua samaki maisha yake yote, wa kwanza tumbo safi, wa pili damu imetanda tumboni nyeusi imeganda, nyama imeachana na mifupa, na uti wa mgongo umekatika katikati kama kijiti, wakati ngozi kwa nje haina hata mkwaruzo.

Kijana wa bajaji akasema huyo kavuliwa kwa baruti. Mzee akamwambia umeona baruti? Akasema hapana lakini inajulikana. Mzee akasema basi tuambie unajuaje. Hapo yule mama akaingia, na hapa ndo niliona fikra tunduizi yenyewe, kutoka kwa mtu aliyesema mwenyewe hakumaliza darasa la saba. Akasema ulaini wa nyama sio ushahidi, samaki akikaa juani au barafu ikiyeyuka atalainika vilevile, na mimi nimeshawahi kumsingizia mtu kwa ulaini peke yake nikamkosea. Lakini uti umevunjika na damu imevujia ndani, na nje hana jeraha. Angekanyagwa au kuangushiwa kreti ngozi ingeonyesha. Barafu haivunji mfupa. Kilichompiga huyu kimempiga pande zote kwa mara moja akiwa hai ndani ya maji, na mimi katika miaka yangu yote sijui kingine zaidi ya baruti.

Ukumbi ukatulia. Mzee alikua anaandika ubaoni anachosema mama, tulichokiona upande mmoja, maelezo mengine yanayowezekana upande wa pili, na kipi kinayaondoa. Akataka kuendelea, mama akamzuia. "Samahani mwalimu, na huyu samaki umempata vipi?" Mzee akasema nimemnunua. "Ulijua ni wa baruti?" Akasema nilimuomba yule kijana anitafutie. Mama akasema kwa upole kabisa, basi mwalimu na wewe leo umewapa hela ya baruti.

Mzee hakujitetea. Alisimama na chaki mkononi, akamwangalia samaki, akageuka akaandika ubaoni chini ya zile stadi, ya sita, na akaandika "nimenunua", akasema nilifikiria somo langu sikufikiria bei inakwenda kwa nani, mwakani nitafundisha kwa picha. Nimesoma shule na vyuo, sijawahi kuona mwalimu anakosolewa na mwanafunzi mbele ya darasa na anaandika kosa lake ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo mjadala ukawa wa kweli. Uvuvi wa baruti umekatazwa na sheria, hilo kila mtu pwani hii anajua, na bahari yetu hii ndo ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ametoweka mpaka akaonekana Afrika Kusini 1938, hapa kwetu imetengwa hifadhi kwa ajili yake tangu 2009. Bomu moja linaua wakubwa na watoto wao pamoja, wengi wanazama hata hawaokotwi, matumbawe yanakua kifusi na kifusi hakizai samaki, inachukua miaka mingi sana kurudi kama kitarudi. Sawa. Lakini nesi mmoja akauliza, na mama lishe mwenye mtaji wa elfu 15 ambaye samaki wa baruti anampata kwa bei ya chini, watoto wake watatu wanakula kutokana na hapo, tunamwambia nini? Ustadhi akasema mali iliyopatikana kwa kudhulumu wengine haina baraka hata ikiwa kidogo, nesi akamjibu baraka hailipi ada ya shule, yani ikawa moto. Mzee akawaacha waseme weee alafu akauliza swali moja ambalo mimi nimeondoka nalo, nani anaumia ambaye hayupo hapa mezani kujisemea? Tukawataja. Mvuvi wa mshipi anayekwenda mbali zaidi kila mwaka na kurudi na kidogo zaidi. Mtoto wa huyohuyo mama lishe atakapokua na umri wa kwenda baharini. Kijana anayerusha baruti yenyewe, maana wapo waliokatika mikono. Hatukufikia jibu moja, lakini hakuna aliyebaki na jibu alilokuja nalo, hata ustadhi alisema inabidi kwanza mama lishe apatiwe njia nyingine ndo umhukumu.

Kwa Jumamosi ile peke yake ningelipa elfu 60 yote na nisingedai chenji.

Kazi ya nyumbani ilikua kila mtu alete kisa kimoja cha kazini kwake kipitie njia ileile, umeona nini, unaamini nini, kipi kingekukatalia, nani hayupo, utafanya nini. Mimi nikaleta rangi mbili. Nikasoma usiku kwenye simu nikakuta kitu kilichonitoa machozi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alipopewa Nobel 1945 alisimama akatoa hotuba, na mwishoni akatoa mfano wa bwana mmoja, akamwita bwana X, anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo, haitoshi kuwaua wadudu ila inatosha kuwafundisha kuizoea. Anamuambukiza mkewe, mkewe anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini haifanyi kazi, anakufa. Fleming akauliza nani wa kulaumiwa kwa kifo cha yule mama, akajibu mwenyewe, ni bwana X. Hiyo ni 1945! Na leo tunaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, kwa mwaka 2019 pekee watafiti wamekadiria watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa hilo.

Nikasimama mbele nikasema, kwa heshima zote za Fleming, kuna mtu kamsahau kwenye hadithi yake. Bwana X alinunua wapi? Kuna mtu alisimama nyuma ya kaunta akahesabu vidonge akapokea hela. Mke wa bwana X ndo yule asiyekuwepo mezani, na mimi ndo ninayekuwepo kila siku.

Hapohapo nieleze lawama yangu ya pili kwa kozi. Kwenye karatasi walizotugawia wameandika kutomaliza dozi ndo chanzo cha usugu, nukta, kana kwamba ni aya ya msahafu. Nikamuuliza msaidizi ushahidi wake uko wapi, akaniambia dada hiyo inajulikana. Lilelile neno la kijana wa bajaji. Mwaka 2017 madaktari wa Uingereza waliandika kwenye jarida la BMJ kwamba kwa magonjwa mengi ya kawaida ushahidi wa hilo ni mdogo, kinachosukuma usugu zaidi ni kutumia antibayotiki bila sababu au kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kifua kikuu ni habari nyingine kabisa, kule ukikatisha dawa unatengeneza sugu kweli. Na mimi simwambii mteja akatishe dawa aliyoandikiwa, hilo ni la kwake na daktari wake. Lakini ina maana kosa langu kubwa halikua kuuza vidonge 6 badala ya 15, kosa lilianza pale nilipouza hata kimoja kwa mafua. Kozi ya kufundisha watu kuuliza ushahidi lazima karatasi zake zenyewe zikubali kuulizwa. Mzee alipoambiwa alisema watazirekebisha, namuamini.

Sasa kisa chenyewe, kimetokea katikati ya wiki ya tatu na ya nne. Mama mmoja kaja jioni, kambeba mtoto wa miaka mitatu, kamasi, kikohozi, homa kidogo. "Dada nipe rangi mbili za buku, nitamfungulia kwenye kijiko." Zamani ningehesabu nikampa. Na kuna njia nyingine rahisi ambayo nayo ni mbaya, kukataa tu ujisikie msafi, kwasababu huyo mtoto akiwa na nimonia na mimi nimemrudisha nyumbani nimemuua kwa kanuni. Kwahiyo nikamwambia mama kaa hapa kidogo, mwinulie nguo. Nikaweka saa ya simu dakika nzima nikahesabu kifua kinavyopanda. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 kwa dakika ni kupumua haraka, chini ya mwaka kuanzia miezi miwili ni 50. Nikapata 32. Nikaangalia chini ya mbavu, hapaingii ndani anapovuta pumzi. Anakunywa, anataka biskuti zilizoko kaunta. Nikamuuzia parasetamo ya maji ya mtoto, nikamwambia mpe maji na vya uvuguvugu, na nikamuonyesha kwenye kifua cha mwanae kabisa, ukiona hapa panaingia ndani hivi, au anahema haraka kuliko sasa, au amekataa kunywa, au degedege, usije kwangu, usiende duka lolote, nenda hospitali hata iwe usiku.

Akanisikiliza, akanishukuru, akalipa. Alafu nikamuona anavuka barabara anaingia duka la pili. Katoka na kibahasha cha kaki.

Hicho ndo kisa nilichokipeleka Jumamosi ya nne, na swali langu lilikua, mimi nimefanya nini sasa? Mtoto kameza rangi mbili vilevile, mimi nimepoteza mteja, jirani kapata buku. Darasa likagawanyika. Karani akasema hujabadilisha kitu, nesi akasema umebadilisha, sasa mama anajua dalili za hatari na hiyo inaweza kumuokoa mtoto siku nyingine. Nakubaliana na nesi, lakini karani hakukosea.

Jumamosi hiyo ya mwisho mzee alileta kisa cha Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 na watu 7 ndani. Usiku wa kabla mainjinia wa kampuni iliyotengeneza zile roketi, Morton Thiokol, walisema baridi ni kali, mipira ya kuzibia viungo vya roketi itakakamaa, msirushe. Walikua na hoja, walikua na data. Bosi mmoja akamwambia mkuu wa uinjinia avue kofia ya injinia avae kofia ya meneja, na kampuni ikabadilisha msimamo, kesho yake ikarushwa. Yani pale kufikiri kulifanyika vizuri kabisa, aliyefikiri hakua na kauli ya mwisho.

Na hapa ndo lawama yangu kubwa kuliko zote. Walitupa kisa wakaishia hapo, tukapewa vyeti tukapiga picha. Hakuna hata saa moja ya kutufundisha ufanye nini bosi wako akikuamrisha. Miaka ya nyuma, mji mwingine sio Tanga, nilifanya kazi duka la mtu, mshahara 150,000, akanipa mkasi akaniambia kata pale pembeni ya kila karatasi ya vidonge, pale palipochapwa tarehe ya kuisha muda, alafu uuze vidonge vichache vichache. Nilikata siku tatu. Najua sauti ya ule mkasi mpaka leo. Siku ya nne sikurudi, lakini sikumwambia mtu yeyote, sikujua nimwambie nani bila kukosa kazi mji mzima, na vile vidonge vya siku tatu watu walivimeza. Sikukosa fikra, nilijua tangu dakika ya kwanza. Nilichokosa ni mahali pa kusimama, namna ya kuandika nilichokiona na tarehe, nani mwenzangu niungane nae, ofisi gani ya kwenda na kwa utaratibu upi. Nimewaandikia kituo ukurasa mzima kuhusu hili, waongeze Jumamosi ya tano hata kama ada itapanda, na ikiwezekana wawaalike wenye maduka, sio sisi wauzaji tu, maana mwenye kauli akifikiri vizuri sisi wa chini tunapumua.

Kwahiyo nyota 4 kati ya 5. Kama unafanya kazi inayogusa watu, afya, shule, soko, ofisi ya kutoa huduma, nenda. Kaa mbele upande wa feni, chukua daftari na wala sio simu, na ukiwa na kisa chako cha kazini nenda nacho tangu siku ya kwanza, usingoje uambiwe. Kama unataka falsafa ya vitabu utaona wanapita juu juu. Malipo wanakubali kwa awamu mbili, elfu 30 kwanza.

Kundi jipya linaanza mwezi ujao. Nimeongea na binti anayeuza lile duka la pili, mdogo wangu tu kwa umri, ana miezi minane kaunta, hata hajui kwamba kupumua kunahesabiwa. Alidhani nimekuja kumgombeza kuhusu yule mama wa kibahasha. Nimemlipia ile elfu 30 ya kwanza, yeye atamalizia, na Jumamosi nitakua namshikia duka lake pamoja na langu mpaka saa 7, tukikubaliana na bosi wake ambaye bado hajajibu.